Upande wa Tope

Chombo kina pande mbili. Najua mtoto yeyote atanicheka nikisema hivyo, lakini mimi niliota mvi kifuani kabla ya kulijua jambo hilo, na kazi yangu ilikuwa vyombo. Shule niliacha darasa la nne. Sikuwa na kichwa kigumu. Maji yalipwa siku ya mtihani na baba akanihitaji ufukweni, basi. Kwa hiyo sikubali kulaumiwa kwa yale waliyofundishwa wenzangu darasa la tano. Nilaumiwe kwa kile kilichokuwa chini ya mkono wangu kila mwezi, nami nisikipapase.

Kwetu hakukuwa na saa. Kulikuwa na kupwa na kujaa. Kupwa kumoja kuliweza kuchukua asubuhi moja, na kupwa kwingine kukachukua ujana wa mtu: unashuka ufukweni na patasi ukiwa na meno yote, maji yanakugusa visigino unapanda kurudi, ulimi unatangatanga mdomoni hauna pa kuegemea. Hakuna aliyeshangaa. Watu waliulizana tu, "Kupwa kwa leo kulikuwa kurefu?" na kujibiwa, "Kurefu, nimemkuta mke wangu ana wajukuu." Kisha wakala.

Mlimani, juu ya ufuko, ilikuwepo Nyumba. Haikuwa na jina jingine. Ilikuwa na dirisha moja kubwa, na nyuma ya dirisha, tuliambiwa, alikaa Mtazamaji. Hatukumjua sura wala sauti. Tulijua tu kwamba anatazama.

Maji yakipwa, mashua haisimami. Inalala ubavu. Ukitaka ilale upande huu, unarundika upande huu ile farumi, mawe ya uzito yanayokaa ndani yake. Baba aliyarundika upande wa bahari. Babu naye hivyo hivyo. Basi mashua yetu, Shukrani (jina lilitoka Nyumbani, hatukuulizwa), ililala kila mwezi imeegemea bahari, na tumbo lake limeelekea mlima. Tumbo hilo tulilikwangua. Tukalichoma kwa vienge vya makuti ili wafe wale wadudu wanaotoboa mbao, tukaziba nyufa kwa pamba, tukapaka deheni, yale mafuta ya papa yaliyochanganywa na chokaa, mpaka likang'aa. Dirisha likaona kazi safi. Maji yakajaa, mashua ikaelea, tukasafiri kwenda Ng'ambo.

Na kila safari tulirudi salama. Hatukuwahi kufika, lakini tulirudi salama. Mashua ilitoka, ikaenda, ikapinda taratibu kwa kushoto, ikapinda tena, na tulipoinua macho tuliona mlima uleule na dirisha lilelile. Watu wa mji walisema upepo wa kwetu umepinda. Wengine walisema Ng'ambo ni mahali pa kukusudia tu, si pa kufika. Sisi tulishusha tanga, tukashukuru, tukasubiri kupwa kwingine.

Siku ninayoisimulia, patasi ilinitoka mkononi.

Iliteleza kwenye deheni, ikaanguka, ikapita chini ya mkuku, yaani ule mti wa chini kabisa unaobeba chombo kizima. Palikuwa na kishimo pale, maji yalikuwa yamekula mchanga. Nikalala kifudifudi, shavu kwenye tope, nikapenyeza mkono mpaka begani. Nilitafuta patasi. Vidole vikapanda juu upande wa pili wa mkuku, kwa bahati mbaya tu, nikagusa mahali ambapo pangepaswa kuwa na ubao.

Hapakuwa na ubao. Palikuwa na mji. Magamba juu ya magamba, chaza juu ya chaza, kuta, vichochoro, milango midogo iliyofunguka na kufunga. Kulikuwa na majani marefu kama nywele za maiti. Kitu kikanifunga kidole kwenye mlango wake. Nikavuta mkono, ukatoka na damu hadi kiwiko.

Makame, mwenzangu wa kazi tangu hatujabaleghe, alikuwa upande wa tezi, nyuma ya chombo, anapaka. Ni mtu mwembamba anayeongea kama anatema kokwa za zambarau.

"Umeng'atwa na nini?"

"Na mashua."

"Mashua haina meno, bwana wee."

"Njoo utie mkono."

"Mimi? Mke wangu ananitaka na mikono miwili. Mmoja wa kazi, mmoja wa kumzuia asinipige."

"Makame, tia mkono."

Akalala, akatia. Nikaona uso wake ukibadilika taratibu, kama wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta wageni wamekaa kitandani. Alikaa hivyo muda mrefu. Nadhani ndevu zake ziliongezeka pale pale. Kisha akautoa mkono, akaufuta kwenye kaptura, akachukua brashi yake.

"Sikugusa kitu," akasema.

"Umegusa."

"Sikugusa, na wewe hukugusa. Upande wa tope haukaguliwi. Paka, maji yako njiani."

Hapo ndipo alipofika dada yangu Kidawa na chungu cha deheni kichwani. Yeye ndiye aliyetupikia mafuta hayo, kupwa baada ya kupwa, kwa moshi uliomfanya macho yake yawe mekundu siku zote. Binti yake Mwatima aliolewa Ng'ambo, akazaa huko. Kidawa alikuwa amepanda mashua yetu mara kumi na moja kwenda kumwona mjukuu. Mara kumi na moja tulimshusha palepale tulipompandisha. Safari ya kwanza alibeba nguo za mtoto mchanga. Ya nne alibeba kaptura na kofia ya madrasa. Ya nane, shati la mwanamume. Safari hii hakujua tena anambebea mtu wa umri gani, kwa hiyo alinunua kitambaa, hakukikata.

Alitua chungu, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmenyamaza kama mmeiba kuku?"

Makame akasema, "Kaka yako amejikata." Mimi nikasema ukweli. Sijui kuzunguka kwa maneno. Nilimwambia: upande ule wa chini haujakwanguliwa tangu babu. Umeota mzigo. Mashua inaburuza ubavu mmoja, ndiyo maana inapinda. Si upepo.

Kidawa hakulia. Ningependa angelia. Alipiga magoti, akatia mkono wake wenye bangili chini ya mkuku, bangili zikagonga magamba, nikasikia mlio wake. Akasimama.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Dada..."

"Nyamaza. Mimi nimekaa nauombea upepo. Nimefunga siku sita kwa ajili ya upepo. Nimemlaani mkwe wangu wa watu kwamba kaoa mbali. Kumbe ni wewe, hapa, na patasi yako. Kila mwezi unasafisha shavu moja."

"Ndivyo alivyofanya baba."

"Baba amekufa. Mwatima hajafa. Au amekufa? Niambie basi, maana wewe ndiye mwenye safari."

Makame alikazana kupaka mahali palepale, deheni ikawa nene kama uji.

Nilikaa chini kwenye tope na nikafanya jambo ambalo mtu wa darasa la nne halifanyi mara nyingi: nilitafuta chanzo. Nilitafuta amri. Nilirudi nyuma siku hadi siku kutafuta ni nani aliyeniambia, wewe, usisafishe upande wa bahari. Nilimhoji baba kichwani, akanionyesha mawe. Nilimhoji babu, akanionyesha mawe. Niliihoji Nyumba, na hapa ndipo niliposhikwa na baridi, kwa sababu Nyumba haikuwahi kukataza. Hakuna tangazo, hakuna karatasi, hakuna askari aliyetumwa. Nyumba ilifungua dirisha tu. Mengine tulifanya wenyewe. Tuliona kwamba kuna jicho, tukaligeuzia tumbo letu safi, na kile ambacho jicho halikukiona tukakitia kwenye tope na kukikalia. Basi anayetaka kukutawala hana haja ya fimbo. Anachagua pa kutazama. Wewe mwenyewe utakwenda kuchagua pa kuoza.

Mimi. Si upepo. Si mkondo. Si Ng'ambo iliyokimbia. Mkono huu. Nimeutazama mkono huu ukikwangua ubao uleule mara mia, ubao uliokwisha kuwa safi, ubao ulioanza kuwa mwembamba kwa usafi. Nimejisifu. Nimesimama nyuma hatua tatu kuangalia kazi yangu, na nilikuwa nasimama upande gani? Upande wa dirisha. Nilijitazama kwa jicho la mwingine nikasema fundi hodari. Kisha nikaangalia kucha zangu na zilikuwa kucha za baba, ile ya dole gumba iliyopasuka, na sikujua kama mimi ndiye niliyekaa kwenye tope au ni yeye, na kama ni yeye, je, alijua? Alitia mkono chini siku moja akautoa na damu, akaufuta kwenye nguo, akaniambia paka, maji yako njiani?

Hilo ndilo lililoniinua. Nilikasirika. Namshukuru Mungu kwa hasira ile, ilikuwa mali ya kwanza niliyoipata bila kurithi.

"Maji yakijaa," nikasema, "tunahamisha mawe."

Makame akaacha brashi. "Unahamisha wapi?"

"Upande wa mlima. Yakipwa tena, ilale huku. Ubavu wa tope uwe juu."

"Na dirisha litaona nini? Likilala huku, dirisha linaona ndani. Linaona mazagazaga yetu. Linaona ndoo yangu."

"Lione."

"Wewe mtu una wazimu. Hakuna aliyewahi kuilaza hivyo. Utakuta haina hata mazoea, itavunjika mgongo."

"Makame," akasema Kidawa, "kama unaogopa, kaa na mkeo umshikie mkono ule wa pili."

Makame alicheka bila kutaka. Mtu akishacheka hivyo, amekwisha kukubali.

Maji yakaja. Mashua ikainuka, ikasimama wima kwa muda ule mfupi ambao chombo hakina upande. Tukaingia watatu, tukayabeba mawe. Yalikuwa meusi, yana utelezi, na kila moja lilikuwa limejichimbia kiti chake katika mbao, kama mtu mzito katika kochi lake. Nililibeba moja nikahisi limeshikwa upande wa pili. Nilijua ni mikono gani. Nilisema, "Baba, achia." Hakuachia. Nikalitukana. Sitaki kuficha, nilimtukana baba yangu mzazi kwa jina la mama yake, katika tumbo la mashua, mbele ya dada yangu. Jiwe likaja.

Maji yakaondoka, na Shukrani, kwa mara ya kwanza tangu ilipoundwa, ikalala kuelekea mlima. Ililia. Mbao zililia kutoka tezi mpaka omo ya mbele, Makame akaziba masikio. Haikuvunjika.

Tukazunguka upande wa bahari kuangalia.

Sitaupamba. Ulikuwa ubavu wa mnyama aliyezikwa kabla hajafa. Magamba yalikuwa manene kiasi cha kiganja kilichosimama. Maji meusi yalivuja kutoka ndani yake na harufu yake ilikuwa ya umri wetu wote. Katikati ya magamba niliona vitu: kipande cha kamba ya babu, kijiko, kiatu cha mtoto, sijui cha nani. Tuliburuza haya yote. Tulikuwa tukisafiri na haya, tukiimba.

Tukaanza kazi. Na hapa nilikutana na jambo ambalo sikulitegemea. Mashua ilikuwa kati yetu na mlima. Dirisha halikutuona. Maisha yangu yote nilikwangua huku nikitazamwa, na sasa mkono ulipiga ovyo, haukujua upendeze kwa nani. Nilikwangua, nikageuka nyuma kutafuta jicho, nikakuta bahari tupu, iliyokuwa na shughuli zake. Nilisikia aibu, kama mtu anayecheza ngoma wakati muziki umezimwa. Ilichukua muda, pengine mwaka, mkono ukaanza kuuliza swali jingine. Uliacha kuuliza, inaonekanaje? Ukauliza, je, ubao umefikiwa?

Hapo akatokea Bwana Shamte.

Huyu ni karani wa Nyumba. Alishuka na mwavuli mweusi, viatu vya ngozi ameshika mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu myeupe ya mtu asiyekanyaga tope. Alitukuta tumetapakaa uchafu mpaka nyusi.

"Salama hapa?"

"Salama, Bwana Shamte."

"Si salama. Mtazamaji anaona ndoo."

"Nilisema mimi!" Makame akaropoka. "Nilisema ndoo!"

"Anaona ndoo, anaona matambara, anaona sufuria lenye ukoko. Anauliza tumbo zuri liko wapi."

"Lipo chini," nikasema. "Zamu yake. Njoo huku uone hili jingine."

Hakutaka. Lakini Kidawa alimshika kiwiko, kwa adabu, kama anavyosaidiwa mzee kuvuka mtaro, akamleta. Shamte aliangalia ule ubavu, nusu umekwanguliwa, nusu bado. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi.

"Funikeni," akasema kwa sauti ndogo. "Pakeni chokaa juu yake. Nitawaletea chokaa, pipa zima. Kisha rudisheni mawe, ilale kama zamani, yaishe."

"Na itazunguka."

"Ndiyo, itazunguka! Kwani mnaona vibaya?" Alishangaa kwa dhati. "Nyinyi hamjawahi kuiona kutoka juu. Tanga jeupe linatoka, linapinda, linarudi, kama mtu anachora kwa mkono usiotetemeka. Wageni wa Nyumba wanasimama dirishani wanapiga makofi. Mkizunguka mnapendeza."

Kidawa akamsogelea.

"Mara kumi na moja," akamwambia. "Nilikuwa humo ndani, Bwana Shamte. Nimekaa na furushi langu. Mlikuwa mnapiga makofi?"

Shamte akatazama viatu vyake mkononi.

"Mimi sikupiga," akasema. "Mimi kazi yangu ni kufuta kioo."

"Unafuta kioo cha dirisha?"

"Kila siku. Upande wa ndani. Upande wa nje haufikiki, ni juu sana."

Makame alikaa chini kwenye magamba akacheka mpaka akakohoa. "Upande mmoja!" alisema. "Jamani, hata huko juu! Upande mmoja!" Shamte hakucheka. Alifungua mwavuli wake ingawa hapakuwa na mvua, akazungumza tena kwa sauti ya kazi.

"Sikilizeni. Maji yakijaa na mawe hayajarudi, watashuka watu na kamba. Wataipandisha mashua mpaka uani kwa Nyumba, watailaza kwenye magogo, upande mzuri mbele. Haitagusa maji tena. Hiyo ndiyo nafasi yenu, kutoka sasa mpaka maji yafike kwenye mkuku." Akanigeukia mimi peke yangu. "Wewe ni fundi mzuri. Usijiharibie."

"Bwana Shamte, nimekwisha kujiharibia miaka yote hii, na nyinyi mkanisifu. Mwambie Mtazamaji ndoo ni ya Makame. Mengine ni yangu."

Alipanda mlima polepole. Nyayo zake zilijaa maji nyuma yake, ndipo tukajua bahari imekwisha kugeuka.

Tulirudi kazini. Magamba yalianguka kama vigae. Tuliwasha vienge, moshi ukapanda juu ya mashua, na nilijua Nyumba inauona, nikaongeza makuti mabichi ili uwe mwingi. Lakini chini ya magamba mbao zilikuwa na nyufa. Mzigo ule uliotuzuia ndio uliokuwa umeziba. Kila nilipokwangua kipande, ubao ulifungua mdomo. Makame alinionyesha ufa mmoja, mrefu kutoka mbavu ya tatu mpaka karibu na tezi, unaingia kidole.

"Hapa tulikuwa tumeshikiliwa na uchafu," akasema. Safari hii hakuwa na mzaha. "Tuache hicho kipande, kaka. Kikae na magamba yake. Kidogo tu."

Ilikuwa hoja ya kweli. Nilisimama mbele ya kipande kile na patasi. Kukiacha kulikuwa na usalama. Mashua isingevuja. Ingepinda kidogo tu, duara lingekuwa kubwa zaidi, labda tungeiona Ng'ambo kwa mbali kabla ya kurudi, na Kidawa angepunga mkono. Nani angetulaumu? Hata mimi nisingejilaumu. Ningesema nimefanya zaidi ya baba. Nadhani hivyo ndivyo upande wa tope ulivyoanza zamani, si kwa uvivu, bali kwa kipande kimoja kilichoachwa na mtu mwenye busara.

Nikakikwangua chote.

Pamba ikatuishia. Nyumba ilikuwa ikitupimia pamba ya upande mmoja. Hatukuwahi kuuliza kwa nini inatosha. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu. Kidawa akakimbia nyumbani, akarudi na mto wake wa kulalia, akaupasua kwa meno. Ulikuwa umejaa sufi, umeshika umbo la kichwa chake.

"Utalalia nini?" nikamwuliza.

"Nitalalia mkono wangu. Ziba."

Tulisokota sufi kwa mafuta, tukaipigilia kwenye ufa kwa nyundo na patasi butu, Makame akifuata na deheni, maji yakifuata Makame. Shibri tatu za mwisho za ufa hazikupata kitu. Nilijaza kwa fulana yangu. Nilipopigilia mara ya mwisho, wimbi lilikuwa linanipiga kifuani na nyundo ilikuwa inapiga maji kabla ya kupiga mbao.

Walishuka mlimani na kamba, watu wengi, wakiongozwa na mwavuli. Sisi tulikuwa ndani tunasambaza mawe katikati ili mashua isimame. Ilisimama. Mkuku uliachana na mchanga kwa mkwaruzo mmoja. Shamte aliingia majini hadi mapajani, viatu vyake vikiwa juu ya kichwa.

"Rudisheni mawe! Bado kuna nafasi! Nitasema mlikosea!"

"Hatukukosea!" Kidawa akajibu. "Sema hivyo! Hatukukosea!"

Mtu mmoja alirusha kamba ikashika ubavuni. Makame, huyohuyo aliyeogopa ndoo, aliikata kwa panga, kisha akasimama ameduwaa, analiangalia panga kama limemsaliti. Tukapandisha tanga.

Nilishika kana, ule mti wa usukani. Mkono wangu ulijua kazi yake: tangu utoto nilifundishwa kuivuta kana kifuani na kuikaza, kwa sababu mashua inapenda kushoto na lazima uibishie, hata kama haikusikii. Nikavuta, nikakaza. Na mashua, ambayo haikuwa tena na kitu cha kuburuza, ikatii mara moja. Ikaanza kupinda kwa kulia.

Nililiona kabla wenzangu hawajaliona. Omo ikaelekea pembeni, ikaendelea kuelekea pembeni, na nikajua kwamba tutazunguka tena, kwa upande wa pili, na tutarudi palepale chini ya dirisha, safi pande zote. Niliuambia mkono, achia. Haukuachia. Ulikuwa umeshona vidole vyake. Miaka yangu yote ya kupigana na upinde ule ilikuwa imehamia begani mwangu, na sasa upinde ulikuwa mimi. Nyumba haikuwa na haja ya kamba. Ilikuwa imekwisha kukaza kana ndani yangu.

"Dada," nikasema. "Nivunje mkono."

Hakuuliza. Alikuja tezi, akanishika kiwiko kwa mikono miwili, akasukuma kwa uzito wake wote, kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua. Nilisikia bega likilia. Kana ikasogea upana wa kiganja. Ikasogea tena.

"Hapo?"

"Bado."

"Hapo?"

"Hapo. Usiniache."

"Nani anakuacha? Nimekushika tangu unanyonya."

Makame akapiga kelele kutoka chini: "Maji yanaingia! Kwenye fulana yako!"

"Chota!"

"Kwa nini?"

"Kwa ndoo, bwana! Si unayo ndoo?"

Akachota. Nilisikia ndoo ikipiga mbao, maji yakimwagwa nje, ndoo ikipiga mbao. Tulikuwa tunavuja. Sitasema hatukuvuja. Bega langu lilikuwa limekufa ganzi, na dada yangu alikuwa ameniegemea anahema, na nyuma yetu walikuwa wakipiga kelele, na sikugeuka kuwaangalia.

Ng'ambo ilikuwa mbele, mstari mwembamba wa ardhi. Safari zote zile mstari huo ulikuwa ukitupita kama mtu anavuta utepe, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka unakwisha na mlima unaanza. Nilisubiri utepe uvutwe. Makame alichota ndoo moja, ndoo ya pili, ndoo ya kumi.

Ardhi ilisimama. Ilisimama palepale, mbele ya omo, haikwenda huku wala huku, ikawa inakua.